Mayowe Kutoka Chumbani

Leo kazini, huku mtaa wa Mobeni, mtu ameunguza bisi jikoni, na harufu ile imenirudisha kwenye fleti yetu ya utotoni, mtaa wa Umbilo, Jumamosi moja mchana.

Mimi na dada yangu tulikuwa tunakula bisi tulizoziunguza, tukitazama filamu ya zamani ya Waingereza. Daktari mwendawazimu, nywele zimemsimama, alikuwa anawakata wagonjwa kwa msumeno, na damu nyekundu kama rangi ya kucha ikimrukia mpaka kwenye miwani. Kila mgonjwa alipopiga mayowe, tulicheka mpaka mbavu zikatuuma. Dada aliongeza sauti. Mama, mwenye mimba ya miezi saba, alikuwa amelala chumbani.

Kisha daktari akaweka msumeno chini, akaketi kunywa chai. Mayowe hayakukoma.

Tulimkuta mama sakafuni, kanga yake imelowa damu. "Nimewaita," alisema. "Nimewaita sana." Dada akakimbia kumgongea jirani, mama mmoja Mtanzania, naye akatafuta gari. Mimi nilibaki nimemshika mama mkono. Sebuleni filamu iliendelea.

Mtoto alizaliwa hospitalini, wa kiume, akaishi mpaka jioni.

Mama aliporudi nyumbani hakutugombeza. Siku moja tu, akiwa anakunja vile vinguo vya mtoto na kuvitia kwenye mfuko, aliuliza: "Mulikuwa munachekea nini?"

"Filme, mama," dada akamjibu kwa sauti ndogo. "Ilikuwa iko na daktari."

Mama akaitika kwa kichwa, akaendelea kukunja.