Ukuta Nisioujenga

Mkoa ulipokuwa bado mpya, na Babati ikijengwa kwa haraka ya mji ulioambiwa ghafla kuwa ni makao makuu, nilijiunga na chuo cha ufundi kujifunza uashi. Wenzangu darasani walikuwa watoto wa wafanyabiashara na makarani waliohamia kutoka mikoa mingine. Mimi nilitoka kwa wafugaji wa Simanjiro, ambako nyumba hujengwa na wanawake.

"Kwenu si mama ndiye anayejenga?" kiongozi wa kundi letu aliniuliza siku ya kwanza ya mafunzo kwa vitendo, pale Maisaka, tulikopewa kujenga ukuta wa stoo.

"Ndiyo."

"Sasa si ungemleta yeye?"

Wakacheka. Taarifa ilikuwa sahihi. Mama mwenyewe, alipopata habari za masomo yangu, aliuliza kama wanawake wa Babati wameisha.

Nikapangiwa kuchota maji na kuchekecha mchanga. Mwiko sikuupata. Nilikuwa nimekuja kuwa mwashi miongoni mwa waashi, nikawa mtu wa ndoo, kazi ambayo ningeweza kuifanya nyumbani bila kulipiwa ada.

Ukuta ulipofika usawa wa kifua, mwalimu alikuja akaning'iniza timazi, uzi wenye kizito cha kupimia kama ukuta umesimama wima. Uzi uliachana na ukuta mapema, wala haukurudiana nao.

"Nani kajenga hiki kitu?"

Kiongozi wetu, ambaye kwa kawaida hakuwa mtu wa kugawana, akasema, "Sisi, mwalimu. Wote."

"Na huyu mwenye ndoo?"

Wenzangu wakanitazama. Nilikuwa na ushahidi kamili wa kutokuwa na hatia: katika ukuta ule hapakuwa na tofali hata moja nililoliweka mimi.

"Na mimi nimo, mwalimu," nikasema.

"Haya, bomoeni wote."

Tulibomoa hadi jioni. Sijapata tena kutumikia adhabu kwa moyo mweupe namna ile. Kiongozi alinionyesha jinsi ya kung'oa tofali bila kulivunja, na nilipolivunja akanitukana kwa matusi yale yale aliyowapa wengine, bila kupunguza wala kuongeza.

Asubuhi akanitupia mwiko.

"Anzia kona ile. Ukipinda, tunabomoa tena."

Mwalimu aliporudi kupima, alisema ukuta umepinda kidogo tu. Tulikubaliana, sote, kuichukua kauli hiyo kuwa sifa.