Mota ya Mashine na Miaka Yangu Sitini na Minne

Mimi kwa deni sijawahi kugongewa mlango. Nimefundisha shule za msingi miaka thelathini na mitatu, mingi hapahapa Kishapu, na katika miaka hiyo nilikopa benki mara nne: mabati ya nyumba, ada za watoto mara mbili, na mashine ya kusaga. Mikopo yote niliilipa. Ule wa mashine niliumaliza kabla ya muda, kwa kiinua mgongo changu. Dawa ya deni kulipa, nami dawa hiyo nimeinywa bila kukunja uso.

Mwaka wa nne wa kustaafu, mota ya mashine ikaungua. Pensheni yangu inanifikisha katikati ya mwezi, ikijitahidi. Kuanzia hapo mashine ndiyo inayonilisha, na niliapa kwamba sitaishi kwa kuwapigia watoto simu nikilia chumvi. Basi nikavaa kitenge changu cha kanisani, nikapanda basi hadi Shinyanga mjini, kwenye benki ileile.

Afisa mikopo alikuwa kijana wa kwetu. Kutoka kwangu hadi kwa wazazi wake ni vijiji viwili tu. Aliniamkia vizuri, halafu akaanza kuniita mteja. Akatazama kompyuta yake, akasema kumbukumbu zangu ni safi kabisa, hajaona nyingine kama hizo wiki nzima. Nilifurahi kama mtoto aliyepata zote. Kisha akaniuliza mwaka wa kuzaliwa, ingawa ulikuwa mbele ya macho yake. Utaratibu, akasema, ni mkopo uishe kabla mtu hajafika miaka sitini na mitano, na mimi ninayo sitini na minne. Akanishauri nimlete mwanangu akope kwa jina lake.

Jamani! Kitinda mimba wangu yuko machimboni Geita, na kila anayemdai anamtafuta kwa tochi. Nampenda, lakini shilingi yangu simpi aishike. Ila ana miaka thelathini, kwa hiyo yeye anafaa.

Ukutani palikuwa na picha ya mzee mwenye mvi anacheka, ameshika kadi ya mkopo, ile ya kununulia vitu ukalipa mwisho wa mwezi. Nikasema basi nipeni hiyo. Kijana akasema nayo inataka mtu mwenye mshahara. Nikamuuliza huyo mzee anacheka nini.

Kwenye basi nililia, sitasema uongo. Yalikuwa machozi ya hasira. Ng'ombe hazeeki maini, na mimi nilikuwa nimepimwa umri kwa meno tu. Wiki iliyofuata niliuza maksai wangu wawili niliokuwa nalima nao, nikaagiza mota. Msimu ule nililima kwa jembe la mkono, mgongo ukaniuma hadi Pasaka, lakini mashine ikanguruma.

Sasa sikieni. Kwetu mtu mwenye ng'ombe hawaweki wote kwenye zizi moja. Ugonjwa ukiingia, au wezi, ataamka maskini. Anawagawa kwa watu anaowaamini wamfugie: mfugaji anakunywa maziwa na kuchukua samadi, ndama ni wa mwenye ng'ombe. Hakuna karatasi, hakuna sahihi. Zizini kwangu wamo ng'ombe wa watu sita, na ndama wa mtu hajawahi kupotea mikononi mwangu.

Jumamosi moja asubuhi namwona nani? Yule afisa mikopo, viatu vimejaa vumbi, anaswaga mitamba wawili aliowanunua mnadani. Siku hiyo sikuwa mteja. Alipiga shikamoo mwalimu hadi magoti yakapinda. Akasema ameanza kujiwekea akiba ya ng'ombe, na kwa ndugu zake hawezi kuwaacha, watawauza. Alitaka niwafuge mimi.

Walikuwa mitamba wazuri, na maziwa niliyahitaji. Nikamwangalia.

"Hawa wataishi miaka mingi kuliko ule mkopo niliouomba," nikamwambia. "Hukuniuliza umri. Mdhamini hutaki. Umeniaminije?"

Aliinamisha kichwa. "Mwalimu, wewe unajulikana."

Kumbe alijua. Siku ile alipokuwa akinisomea utaratibu, alijua vizuri mimi ni nani.

Nikamwambia neno hilo, unajulikana, akaliandike kwanza kwenye ile kompyuta yake, halafu ndipo aniletee ng'ombe. Alidhani namtania, akacheka kidogo. Nikafunga lango la zizi, nikarudi kumpimia mama mmoja mahindi yake. Nilipotoka tena, alikuwa tayari barabarani, anawaswaga mitamba wake kurudi alikotoka.