Banda la Kenge wa Truphena

Mwaka wa 1964 Cephas Mokaya alikuwa seremala pale Migori, Mgusii aliyehamia mjini na msumeno, randa na Biblia. Vitanda vyake havikulia, milango yake haikupinda, na Ijumaa jua likigusa kilima, nyundo chini. Kwa msimamo huo Wasabato wenzake walimfanya shemasi, naye akaupenda ushemasi kuliko inavyofaa.

Mkewe, Truphena, alikuwa amezika watoto wawili. Baada ya wa pili, Nyasuguta, aliacha kuzungumza na watu, akawa anakula kwa kubembelezwa. Siku moja alikwenda kwenye kichuguu kuchimba udongo wa kukandika nyumba, akakuta vitoto vitatu vya kenge, ndiyo kwanza vimetoka kwenye mayai. Akavileta nyumbani ndani ya debe. Akavikamatia panzi na mende, na jioni moja Mokaya akamsikia akicheka. Kicheko hicho hakuwa amekisikia mwaka mzima.

Majirani walisema, maana hawakosi la kusema. Kenge nyumbani ni nuksi. Sokoni wakamtania fundi, "Shemasi, kwenye msafara wa mamba na kenge wamo, lakini kwako naona ni kenge tupu." Alicheka nao huku akiona haya. Hata hivyo alijua, na hapa nampa haki yake, kwamba kenge wale wakipotea, mkewe atapotea nao. Debe lilishakuwa dogo, akaamua kujenga banda.

Alilijenga kama anayetengeneza kitanda cha bibi harusi. Mbao alizizika shibiri mbili ardhini, wasichimbe wakatoroka. Ndani akazungushia mabati, kucha zisipate pa kushika. Akaweka jiwe bapa la kuotea jua, karai la maji, na juu akatandaza waya wa kuku, mwewe asiwafikie. Ijumaa jioni kenge wakaingizwa. Lilibaki paa la nyasi upande mmoja, wapate kivuli. Nyasi zilikuwa pale pale, zimeshafungwa mafungu.

Jua likagusa kilima. Mokaya akaweka nyundo chini.

"Mafungu mawili tu, Baba Nyasuguta," Truphena akasema. "Nitaweka mimi."

"Sabato imeingia, mama. Kazi ni kazi, hata ikiwa ya nyasi. Nitamaliza Jumapili asubuhi."

Asubuhi kulikuwa na mawingu, wakaenda kanisani. Kabla ya saa sita mawingu yakatawanyika, na mabati ya kanisa yakaanza kualika, ta, ta, kwa joto. Kutoka upande wa wanawake Truphena akageuka kumtazama mumewe. Mke wa shemasi hangetoka bila ishara yake. Mokaya aliyasikia mabati, akaelewa. Nyumbani ni mwendo wa nusu saa. Lakini shemasi ainuke katikati ya mahubiri, eti akafunike kenge? Soko zima lingemcheka. Akainamisha uso kwenye Biblia, mpumbavu yule, na wala hakuwa mtu mbaya.

Walirudi saa kumi. Karai lilikuwa limepinduka, maji yamekauka. Kenge wote watatu walikuwa wamekufa, wamebanana kwenye kona ambako paa lingekuwa. Mokaya aligusa bati, likamchoma kidole.

Truphena hakulia.

"Mwezi uliopita ulitufundisha," alisema, "kwamba ng'ombe akitumbukia kisimani siku ya Sabato, mwenyewe amtoe. Hawa wangekuwa ng'ombe, Mokaya, ungeinuka?"

Hakuwahi kumwita Mokaya. Hata baada ya msiba alikuwa bado Baba Nyasuguta, na sasa hata jina hilo amevuliwa. Majuto ni mjukuu, wanasema. Yeye hakuwa na mjukuu wala mwana, ila majuto aliyapata.

Jumapili alfajiri aliliezeka banda lile tupu, fungu kwa fungu, kwa ustadi wake wote. Ndani ya nyumba, Truphena alikuwa amelala uso ukutani. Mokaya akampelekea uji, akambembeleza. Uji ulipoa pale pale alipouweka.