Fundi Anayepima Mitambo kwa Kiganja

Mpwa wangu, binti aliye fundi wa mitambo ya mtandao wa simu, hatulii, utadhani ana siafu miguuni. Huzunguka chumba cha mitambo akigusa makabati ya chuma kwa kiganja, kama mama apimaye homa ya mtoto. Kwake, kabati likiwa na joto, linafanya kazi. Jana alichomoa kadi kuukuu ya mtambo kabatini, simu za mji mzima zikakatika, akachomeka mpya yenye chipu moja ndogo kama ukucha, inayofanya kazi ya kabati zima kwa umeme kiduchu. Akaigusa. Baridi! “Mjomba, imekufa!” Jasho likimtoka, akaanza kuichomoa. Bahati yake nilikuwepo mimi, mlinzi wa jengo hilo, hodari kuliko wote. Simu yangu ikalia: mke wangu, anauliza niko wapi. Nikamgeukia mpwa wangu: “Iache, mama! Kama huyu amenipata, hiyo kadi ni nzima kuliko mimi.” Akaacha kuichomoa, ila kiganja hakukitoa, alisubiri ipate joto.