Nta ya Saa Sita Mchana

Fundi wa rangi aliingia nyumbani kwetu nikiwa nachambua mchele. Alinisalimia, akapita na ngazi yake mpaka chumba cha kulia, akaanza kukwangua ukuta. Nilimfuata nikamuuliza nani kamtuma. Akasema, "Mwenye nyumba."

Huyo mwenye nyumba alikuwa mdogo wangu wa kiume, anayefanya kazi Dodoma na kuja Tabora mara mbili kwa mwaka. Aliingia nyuma ya fundi na ndoo mbili za rangi ya kijivu. Jumapili, alisema, ndugu wa mchumba wake wangetoka Igunga kuja kuona nyumba ambayo binti yao ataiita kwake, na hawezi kuwalisha kwenye chumba kile. Chini ukuta ulikuwa na rangi ya mafuta ya kijani, juu rangi ya maziwa. Mama ndiye aliyechagua, kwa sababu kijani kile kilisafishika kwa kitambaa chenye maji, na sisi tulikuwa watatu wenye mikono ya mchuzi.

Nilimwambia rangi apake. Pazia abadilishe. Meza ya mninga, na kiti chenye mikono kilicho mbele yake, asiguse.

Kiti kile kilikuwa cha baba. Baba alifariki nikiwa kidato cha pili, mama akamfuata kabla mwaka haujaisha. Siku ya kuanua tanga la mama, shangazi yetu alitangaza mbele ya watu kwamba kiti kikae wazi mpaka mtoto wa kiume akue. Wakati huo nilikuwa nimeshaona yanayotokea kwa vitu vilivyoachwa wazi. Baiskeli ya baba iliondoka na ndugu mmoja, cherehani ya mama ikaondoka na mwingine. Jioni ile nikakaa kwenye kiti, nikagawa ugali na kisamvu, na nilipomaliza kula sikuinuka mpaka wadogo zangu walipolala. Shule sikurudi. Nilipika vitumbua nikauza stesheni, nikawasomesha wote wawili. Wa mwisho kaolewa Mwanza, hayumo katika habari hii.

"Jumapili nitakaa mimi pale," mdogo wangu alisema.

"Utakaa ulipokaa siku zote."

Akamwita shangazi. Alifika kesho yake asubuhi, akala vitumbua vyangu vinne kwanza, ndipo akaanza. Mwanamke akikaa mbele ya meza, alisema, wageni watajua nyumba hii haina mwanaume. Nikamjibu kwamba ilikuwa haina mwanaume pia tulipolala na uji wa chumvi, na hakuna mgeni aliyekuja kutuuliza. Akaniita mtoto mkaidi. Nina miaka thelathini na mitano. Mdogo wangu akasema tumalize maneno, kiti ni cha baba na yeye ndiye anabeba jina la baba. Mambo ya chumba kile kuanzia siku ile, alisema, hayanihusu.

Nikaenda jikoni.

Alitaka meza na kiti ving'ae kama zamani. Baba alizoea kuvipaka nta iliyochanganywa na mafuta ya taa, na harufu ile ndiyo ilikuwa harufu ya sikukuu kwetu. Mdogo wangu aliikumbuka harufu. Hakukumbuka saa, maana alikuwa mdogo na saa ile alikuwa amelala. Baba aliyeyusha nta alfajiri kabla jua halijatoka, nje kabisa, akafukia makapi shimoni na kumwaga majivu juu. Mimi ndiye niliyemshikia kitambaa cha kuchujia.

Mdogo wangu alinunua masega mabichi sokoni, asali bado inachuruzika, kwa mtu aliyeyaleta kutoka upande wa Tura. Akawasha jiko la mkaa barazani, chini ya dirisha la chumba cha kulia, saa sita mchana. Ilikuwa mwezi wa nane, maua porini yamekwisha, nyuki wanatafuta hata maji ya kuoshea vyombo. Kila aliyewahi kuyeyusha nta huku anajua harufu hiyo inaita nani.

Niliona sufuria ikianza kutoa mvuke. Ningeweza kusema neno moja. Nilichukua kisu nikakata vitunguu, nikafunga dirisha la jikoni.

Walikuja wachache kwanza, kisha wakaja wote. Fundi alitoka na brashi mkononi, akakimbilia barabarani, ngazi ikaanguka kwenye ukuta mbichi. Shangazi alijifunika khanga kichwani akapita mlango wa nyuma bila viatu. Mdogo wangu alibaki akitaka kuokoa sufuria. Nilipomvuta ndani jikoni, jicho la kushoto lilikuwa limeshafunga na midomo imevimba.

Nilimtoa miiba kwa ukucha, nikikwangua mmoja mmoja. Alinitazama kwa jicho lililobaki.

"Dada, ulijua."

"Nilijua."



Jumapili nilipika tangu alfajiri, nikavaa, nikakaa kwenye kiti. Yeye alisimama mlangoni, uso bado umevimba. "Inuka," akasema, taratibu, kwa kuwa wageni walikuwa wameshafika barazani. Sikuinuka. Walipoingia nilisimama kuamkia, shikamoo kwa kila mkubwa, lakini mkono mmoja sikuuondoa kwenye kiti.

Aliyewaongoza alikuwa mwanamke, shangazi wa binti, mrefu, sauti nzito. Shangazi yetu alimtazama anavyowapangia wanaume pa kukaa, naye akakaa alipoelekezwa. Mgeni akautazama uso wa mdogo wangu.

"Nyuki?"

"Ndiyo, mama."

"Nani kachemsha nta mchana?" Akanigeukia mimi. "Na nani alimwona asimkanye?"

Nilihisi joto limenipanda mpaka masikioni, na sijui kama lilikuwa aibu au hasira.

Mgeni hakusubiri jibu. Alisema wamekuja na maneno yao, na wanataka kujua katika nyumba hii wanasema na nani.

Mdogo wangu alikitazama kiti, akanitazama mimi. "Semeni na dada," akasema, akavuta kiti cha pembeni akakaa. Hakulisema kwa upendo.

Ameshaoa. Akija huku, hulia chakula chake sebuleni, sahani magotini. Mkewe hukaa nami mezani. Ukuta ni wa kijivu, na karibu na dirisha kuna nyuki watatu waliokaukia ndani ya rangi. Alisema atamleta fundi awakwangue. Nilimwambia asimlete.