Majumba Matatu ya Washington na Mtu Mmoja wa Kata Yetu

Mwanangu alifia ndani ya lori. Alikuwa na siku tatu, hata jina hatujampa. Mvua ilikuwa inapiga tangu alfajiri, na lori halikuwa na turubai. Fatu, mke wangu, alimfunika kwa kanga mbili na kwa mgongo wake mwenyewe. Katikati ya vitanda, kuku na majirani, akaniita kwa jina la binti yetu mkubwa, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeulizia chumvi.

"Baba Zuhura, huyu mbona hanyonyi?"

Nikapiga ngumi kichwa cha lori. Hamisi Mbwera, Katibu wa Kata ya Mkungurumo, alikaa mbele na dereva, mkavu. Akatoa shingo dirishani.

"Ndugu Saidi, gari la serikali halisimami kwa ajili ya kunyonyesha."

Halikusimama. Jina lake nimeliandika kamili makusudi.

Mkungurumo ni kata yetu, mbele ya Bunju. Wiki moja kabla ya siku ile, kamati ya kata ilipitisha kwamba watu wote wahamie kwenye kijiji cha mpango, na nyumba za zamani zisibaki. Mwenyekiti wa kamati alikuwa Mbwera. Siku ya kuhama walikuja mgambo na madebe ya mafuta ya taa, wakazichoma. Aliyewaongoza ni Mbwera. Nilimwomba siku saba tu, mzazi apate nguvu. Akasema azimio la kamati halina wazazi.

Tulipomaliza kuzika nikaenda kwenye baraza la usuluhishi. Nikaingia, nikaangalia kwenye kiti. Mbwera.

"Unamlalamikia nani?"

"Wewe."

Akaandika kidogo. "Mlalamikiwa yupo, amesikia, hana hatia. Anayefuata!"

Watu wakacheka. Sijui walicheka kwa woga au kwa mazoea. Mie nilitoka pale masikio yanalia.

Ndiyo sababu ya safari yangu. Mie ni mchongaji, asili yangu kusini, elimu yangu darasa la tatu. Wakubwa walipotafuta wachongaji wawili wa kwenda Amerika kuonyesha kazi zetu, jina langu likatoka. Mwenzangu alifikiria mashati mapya. Mie nilikuwa na wazo moja. Huku kwetu kila mlango unaambiwa ngoja mkubwa aseme. Basi nitakwenda kwa mkubwa kuliko wakubwa wote. Rais wa Amerika akisema neno moja, nani atabisha? Nikaenda kwa mwandishi wa barua, yule anayekaa na mashine yake nje ya posta. Nikamsimulia, akapiga karatasi mbili kwa Kiingereza. Fatu akaishonea barua ile ndani ya koti langu.

Jumapili asubuhi, uwanja wa ndege. Kiongozi wetu alikuwa Afisa Utamaduni, Bwana Kaswende. Akatupanga mstari mie na mwenzangu, Mzee Chilumba.

"Mkiulizwa hali ya nyumbani, semeni nzuri. Wakiuliza tena, semeni nzuri sana."

"Na wakiuliza mara ya tatu?" akasema Mzee Chilumba.

"Hapo niiteni mie."

Jumatatu jioni tukafika Washington, baada ya kubadilisha ndege Ulaya. Baridi ya kule inaingia kwenye meno. Alitupokea mama mmoja Mwamerika mweusi, Mama Ruth, aliyewahi kufundisha shule moja ya Temeke miaka miwili. Kiswahili chake kilikuwa kama cha mtu anayesoma kitabuni. Akamwinamia Mzee Chilumba, "Shikamoo baba." Mzee akasahau kuitikia. Tukafikia kwake, sisi wawili. Kaswende alilala hotelini.

Jumatano saa nne asubuhi Mama Ruth akatupeleka kwenye jumba lenye kuba jeupe. Ndilo bunge lao. Ndani yake mna mabaraza mawili. Moja watu huchaguliwa kwa miaka miwili, na jimbo lenye watu wengi lina wajumbe wengi. Lingine linaitwa Seneti, wawili wawili kwa kila jimbo, jimbo liwe kubwa au dogo, na hukaa miaka sita. Tukapandishwa roshani ya wananchi. Hakuna aliyetuuliza kadi ya chama. Chini, bwana mmoja mnene alikuwa anaisema serikali. Anaisema kweli, anagonga meza. Wengine wanasoma magazeti.

Nikamnong'oneza Mama Ruth, "Yule leo atalala wapi?"

"Nyumbani kwake."

"Kesho?"

"Nyumbani kwake, ndugu. Ana mke."

Akatueleza kwamba sheria lazima ipite mabaraza yote mawili, ndipo ipelekwe kwa rais. Rais anaweza kukataa. Lakini wakikusanyika theluthi mbili katika kila baraza, sheria inapita.

"Bila yeye?"

"Bila yeye."

Mzee Chilumba akavua kofia, akajikuna kichwa, akaivaa tena.

Saa saba mchana tukavuka barabara tu. Upande wa pili kuna jumba lingine, la nguzo nyeupe, ndiyo mahakama yao ya juu. Mie nilisimama katikati ya barabara mpaka gari likanipigia honi. Nilikuwa napima kwa macho. Anayetunga sheria yuko kule, anayehukumu yuko huku, na ukitaka kutoka kwa huyu kwenda kwa yule utatumia miguu. Kwetu Mbwera hata kiti hakubadilisha.

Ndani walikaa wazee tisa, majoho meusi. Mbele yao wakili mmoja anatoka jasho na baridi yote ile. Kila akifungua mdomo wanamkatisha.

"Huyo ni mshitakiwa?" nikauliza.

"Hapana," akasema Mama Ruth. "Huyo ni wakili wa serikali. Serikali ina kesi na mtu."

Tulipotoka kwenye ngazi akatuambia jambo lililonitoa pumzi. Miezi michache nyuma, wazee hawa walimwamuru rais wa wakati ule atoe kanda za sauti alizokuwa anazificha. Akazitoa. Haikupita mwezi akaacha kazi, maana wabunge walikuwa wameanza kumwandalia mashitaka. Huko, baraza la kwanza ndilo linaloshitaki, Seneti ndiyo inayohukumu.

"Nani alimpindua?" akauliza Mzee Chilumba.

"Hakuna aliyempindua."

"Jeshi lilikuwa wapi?"

"Kambini."

"Wazee wale aliwaweka nani?" nikauliza.

"Rais huchagua jaji, Seneti ikubali au ikatae."

"Ahaa!" nikasema. Hapo ndipo nilipoona ni kama kwetu. "Kumbe ni watu wake."

"Akishakaa, rais hawezi kumtoa. Katika wale waliomwamuru, watatu aliwachagua mwenyewe."

Nikageuka kulitazama tena lile jumba la nguzo.

Saa tisa tukafika kwenye uzio wa Ikulu. Ni mwendo mrefu kutoka kule, barabara pana. Nikachana koti langu palepale, nikatoa barua. Mama Ruth akaisoma amesimama, upepo unataka kumpokonya. Alipofika kwenye lori akafumba macho. Kisha akamalizia.

"Ndugu Saidi, ulitaka huyu afanye nini?"

"Aseme neno. Mbwera afungwe."

"Huyu hawezi kumfukuza hata hakimu wa mji mdogo anakokaa shangazi yangu."

"Sasa ni mkubwa wa nini?"

Akacheka, lakini machozi yalikuwa yanamtoka. "Na usiyaangalie haya majumba kwa macho ya harusi. Mahakama ileile iliwahi kuandika kwamba mtu kama babu ya babu yangu hawezi kuwa raia. Majumba yote matatu yalikuwepo, na sisi tulikuwa nje. Tulifungiwa huku tukagonga kule, tulifungiwa kule tukarudi huku. Watu wamekufa wakigonga."

"Lakini hamkumkuta mtu yuleyule kila mlango."

Akafuta macho. "Mara nyingi walifanana sana. Lakini hapana, hakuwa yuleyule."

Mkono ukatokea nyuma yangu, ukachukua barua. Kaswende, katufuata kutoka hotelini. Akasoma mistari mitatu, uso ukamkauka.

"Saidi, umetaka kunitia ndani?"

"Nimetaka Mbwera aingie ndani."

Akaikunja, akaitia mfukoni. Siku zote zilizobaki nilikaa kwenye maonyesho nachonga mbele za watu, nao wananipiga picha. Walipouliza hali ya nyumbani niliwaonyesha Kaswende kwa patasi.

Tulirudi Dar es Salaam siku ya Jumamosi, mchana. Palepale uwanjani Kaswende akachukua pasipoti yangu. Mzee Chilumba akanishika bega, "Nenda kwa Fatu, mdogo wangu, usipite popote." Fatu hakuuliza Amerika ikoje. Aliangalia koti lililochanika, akauliza, "Umempa?" Nikatikisa kichwa. Akaingia ndani.

Jumatatu saa tatu nikaitwa ofisi ya kata. Karatasi zangu mbili zilikuwa juu ya meza ya Mbwera. Mie mwenyewe nilikuwa na siku mbili tu tangu nifike, zenyewe zilishafika kwake. Akanisomea shitaka: kuchafua jina la nchi ugenini. Shitaka ameliandika yeye, kanuni ilipitishwa na kamati yake, na hukumu atatoa yeye.

"Una la kusema?"

"Naongea na yupi? Mwenyekiti, katibu, au baraza?"

"Na wote," akasema. Hakutania.

Nikanyang'anywa kibali cha kuchonga mwaka mzima. Fatu akauza maandazi, mie nikabeba nyama machinjioni Vingunguti, mgongo wangu huu ulipindia kule. Mbwera akapandishwa cheo, yuko wilayani. Kaswende naye kapandishwa.

Nilichojifunza si kwamba Wamerika ni watu wema. Mama Ruth alinikataza kuamini hivyo. Nilichojifunza ni kwamba yaliyonipata si kazi ya Mungu wala mvua. Ulikuwa mpango wa watu, na watu wangeweza kuupanga vingine.

Kwa hiyo mie Saidi Nampota siombi nyumba wala kibali. Nataka atafutwe mtu mmoja katika nchi hii ambaye si Hamisi Mbwera, wala hakuwekwa na Hamisi Mbwera, wala hamwogopi. Akae kwenye kiti. Amwite Mbwera, amwite Kaswende, na dereva wa lori ambaye jina lake ni Juma Kipande. Mie na Fatu tukae mbele yao. Aulize mtoto yule alikufaje, na nani aliamua. Wajibu kwa midomo yao, na majibu yaandikwe. Nani atawaita?