Chumba cha Ndani, Deki ya Tano

Ofisini walimwita Bi Ramani. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa akikata tiketi za meli za kitalii, na vyumba vyake alivijua kutoka omo hadi tezi, ingawa mwenyewe hakuwahi kulala melini hata siku moja. Mteja akiketi tu mbele ya meza yake, alishamsoma. Wanaochafukwa na roho haraka aliwaweka katikati ya meli, deki za chini, ambako chombo hakiyumbi sana. Wenye usingizi mwepesi aliwaepusha na jiko na ukumbi wa muziki. Wenye magoti mabovu, karibu na lifti. Maharusi aliwapa roshani na hakuwauliza mengi.

Kwa hiyo baba yake alipostaafu ufundi wa lifti, na kaka yake akaamua wazee wapelekwe matembezi ya siku saba baharini, suala la nani achague chumba halikujadiliwa. Bi Ramani aliwatengea chumba cha deki ya nane, katikati, chenye roshani, hatua kumi kutoka kwenye lifti. Kwa miaka mingi alikuwa akiwapa watu wengine chumba hicho huku roho ikimuuma kidogo. Alikizungushia wino mwekundu kwenye karatasi, akaipeleka kwa mama yake.

Mama aliitazama karatasi muda mrefu, kisha akauliza kama hakuna chumba cha ndani. Bi Ramani alidhani hajaelewa, akamfafanulia kwamba cha ndani hakina dirisha, ukizima taa hujui kama kumekucha au la. Mama akasema hicho hicho. Halafu akauliza kama ni lazima kiwe karibu na lifti.

Kaka alipopata habari alikuja juu. Alisema hampeleki mama baharini ili akafungiwe kabatini, na kwamba huko ni kujinyima kwa mazoea tu. Bi Ramani alikuwa upande wake. Wiki mbili wakamwandama mama, kila mmoja kwa njia yake, naye hakuongeza neno wala kupunguza.

Jumamosi moja asubuhi, akikatakata vitunguu jikoni kwa mama, Bi Ramani aliinua macho akaona komeo jipya juu kabisa ya mlango wa nyuma, mahali ambapo mtu hafikirii kutazama. Chini yake palikuwa na kigoda. Akauliza wezi waliingia lini. Mama alizima jiko kwanza.

"Si la wezi," alisema. "Ni la baba yako."

Mwaka mzima sasa. Yalianza kumtoka majina, zikafuata siku. Juzi juzi aliamka kutoka usingizi wa mchana, akatoka na bisibisi mkononi, akakutwa mtaa wa tatu akitafuta jengo lililobomolewa zamani. Jirani ndiye aliyemrudisha. Watoto wake walipoona roshani, waliona mandhari. Mama aliona mlango mwingine, na nje ya mlango huo hakuna mtaa wala jirani.

"Mbona hukuniambia, mama?"

"Ungemtazama kama unavyowatazama wateja wako. Nilitaka abaki baba yako siku mbili tatu zaidi."

Bi Ramani alitaka safari ivunjwe, lakini mama akakataa katakata. Baba alikuwa akiiulizia kila siku, na hilo ndilo jambo ambalo halijamtoka kichwani. Basi akarudi ofisini, akafuta, akaanza upya. Deki ya tano, ndani, katikati, mbali na lifti, kando ya chumba cha wahudumu ambako hakukosi mtu. Chumba kinachotazamana nacho akajikatia mwenyewe. Kwa kaka alisema tu kwamba amechoka na kazi. Kaka akacheka, akasema mama na binti wamemlia njama, na kile kicheko kilimchoma Bi Ramani siku nzima.

Siku mbili za kwanza zilipita salama. Siku ya tatu, baada ya chakula cha mchana, mama aliingia kuoga, na maji yakiwa bado yanamwagika baba akatoka. Bi Ramani aliukuta mlango wazi. Mtu aliyewapanga maelfu ya abiria kwa kidole alipotea njia kwenye korido za zulia moja na milango inayofanana. Alipanda mpaka deki ya saba, akashuka, akapanda tena, na kichwani alikuwa akihesabu roshani zote alizowahi kuziuza.

Alimkuta deki ya tatu, kwenye kaunta ya mapokezi, amesimama wima, shati limefungwa mpaka kifungo cha juu, akisubiri zamu yake. Baba alimgeukia kwa adabu.

"Samahani, binti. Wewe ni mfanyakazi wa hapa?"

"Ndiyo, mzee. Nikusaidie nini?"

"Tumepewa chumba kisicho na dirisha. Mimi sina shida, nimeishi kwenye mashimo ya lifti maisha yangu yote. Ila mke wangu hajawahi kuona bahari, na yeye si mtu wa kulalamika. Mtafutie chenye dirisha."

Akamwambia ataangalia. Alichukua kalamu ya pale kaunta akaandika ombi lile, neno kwa neno, kwa sababu baba alikuwa akiitazama mikono yake. Kisha akamshika mkono, wakarudi polepole.

Mama alikuwa amekaa kitandani na taulo kichwani. Bi Ramani hakumwambia alichoombwa. Alimwambia avae, apande juu, atafute kiti kinachotazama maji, asirudi mpaka jioni. Mama alibisha, kisha akaenda. Siku zilizobaki zikawa hivyo, kwa zamu. Mle ndani, taa zikiwaka mchana kutwa, baba na binti walicheza karata. Kuna saa alimwita mwanangu. Kuna saa alimuuliza amefanya kazi melini miaka mingapi.

Waliporudi alimpigia kaka yake simu kabla mizigo haijafunguliwa, akamwambia yote. Kaka akauliza, kwa sauti ndogo, kama baba bado anamkumbuka yeye.

Bi Ramani hakujua. Alimwambia aje Jumapili, aje mapema, kabla mzee hajachoka.